Kuijua Morogoro kwa kufuata maji yake

Wengi wanaijua Morogoro kupitia dirisha la basi. Gari linaingia stendi ya Msamvu, abiria wananunua maji na machungwa, dereva anashika moja ya njia mbili, ya Dodoma au ya Iringa, na mji unabaki nyuma ukiwa umeonekana mapaa tu na milima mirefu upande wa kusini. Ni hasara kubwa. Wenyeji wanauita "mji kasoro bahari", na wana haki: milima ipo, mito ipo, ardhi nzuri ipo, matunda, reli na vyuo vipo. Kitakachokusaidia kuuelewa mji huu kuliko ramani yoyote ni kufuata maji. Karibu kila kilichojengwa hapa kilijengwa kwa sababu ya maji yanayoshuka kutoka milima ya Uluguru, na mengi yaliyobomoka yalibomolewa na maji hayohayo.

Mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana ukiwa popote mjini, kina mita 2,138. Umbali kati ya sokoni na kilele hicho haufiki kilomita kumi. Kwa hiyo mvua ikinyesha juu haina safari ndefu ya kupunguza kasi. Inafika mjini bado ina nguvu za mlimani. Mbele zaidi kusini, kilele cha Kimhandu kinapita mita 2,600, na ndicho kirefu kuliko vyote vya Uluguru.

Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unavuka nyanda za Pwani, unakutana na Uluguru na kulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unadondosha maji. Ndiyo maana upande wa mashariki, kwenye vijiji vya Kinole na Matombo, mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, wakati mji, ulioko upande wa pili kwenye kivuli cha mlima, unapata karibu 800 hadi 900 tu. Mji wenyewe, kwa mvua yake peke yake, ungekuwa wa kawaida kabisa. Unaishi kwa mvua ya jirani.

Juu kuna msitu, na kazi ya msitu ni zaidi ya kupendeza macho. Ukungu unapopita kati ya miti, majani na kuvumwani vinaunasa na kuudondosha matone hata siku ambayo haijanyesha. Udongo wa msituni, uliojaa majani yaliyooza na mizizi, unayameza maji na kuyaachia kidogokidogo. Maji unayoyaona yakitiririka mtoni Septemba ni ya mvua iliyonyesha miezi mingi kabla. Kata msitu huo, na mvua ileile itashuka yote kwa siku moja: Aprili utakuwa na mafuriko, Oktoba utakuwa na mawe makavu. Tangu 2008 msitu huo, takriban hekta 24,000, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru. Humo yumo ndege ambaye hapatikani porini mahali pengine popote duniani, mbwigu wa Uluguru, ambaye wapenda ndege husafiri kutoka mbali kuja kumsikia zaidi ya kumwona.

Mito mingi ya mji ni mifupi. Mto Morogoro unashuka moja kwa moja kutoka milimani, unapita kati ya mitaa na kuishia Ngerengere. Kikundi nao unapita katikati ya mji. Ngerengere ndio mkubwa wao: unaanzia mteremko wa magharibi, unaingia bwawa la Mindu, unauzunguka mji kwa kaskazini, kisha unashika njia ya mashariki hadi kuungana na Ruvu.

Kando ya Ngerengere ndipo historia ya mji inapoanza kuandikwa. Waluguru walikuwa milimani tangu zamani, na koo zao zinafuata upande wa mama, hata ardhi ikirithiwa kwa ukoo huo. Kinole alikuwako Kingalu, cheo kinachorithiwa, ambaye aliheshimiwa hasa kwa habari za mvua. Lakini bondeni, katikati ya karne ya 19, alikuja Mzigua mmoja aitwaye Kisabengo, mtu wa vita na wa kuteka watu, akajenga mji wenye ngome kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda bara. Mji huo ulijulikana kama Simbamwene, jina ambalo pia alijulikana nalo binti yake aliyeutawala baada yake.

Henry Morton Stanley alipita hapo 1871 akimtafuta Livingstone, na maelezo yake ndiyo picha kamili zaidi tuliyonayo. Mji ulikuwa wa pembe nne, na kila pembe ilikuwa na mnara wa mawe. Milango ilikuwa minne, mmoja kila upande, ya mbao ngumu zilizochongwa nakshi ndogondogo za Kiarabu, kiasi kwamba alidhani zilichongwa Unguja au pwani zikabebwa ubao kwa ubao. Huu ulikuwa mji mkubwa wa biashara, wenye malkia, ushuru na mawasiliano ya kudumu na Bagamoyo.

Mwishoni mwa Aprili 1872 Stanley alirudi kwa njia ileile. Ukuta wote wa mbele ulikuwa umechukuliwa na mto, nyumba kama 50 zimekwenda, na malkia amekimbia. Vijiji vya Waluguru milimani vilikuwa vimeharibiwa pia. Mwezi huohuo ndipo kimbunga kikubwa kilipoipiga Zanzibar, kikazamisha merikebu za Sultani na kung'oa mikarafuu. Kisabengo alikuwa amejenga ukuta wa kuzuia maadui, na kwa maadui ulifaa. Kosa lilikuwa mahali pake: mji ulikuwa bondeni, karibu mno na mto unaolishwa na mlima mzima.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1882 na kuweka misheni chini ya mlima. Wajerumani wakaweka boma lao kwenye mwinuko, upande wa mlimani, na mpaka leo eneo hilo linaitwa Boma. Ukitembea pale utaona tofauti mara moja: miti mikubwa, kivuli, hewa ya ubaridi, na maji yanafika kwa kuteremka yenyewe bila pampu. Reli iliyoanzia Dar es Salaam 1905 ikafika Morogoro 1907, na bonde likawa nchi ya mkonge. Tarehe 26 Agosti 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia mjini, lakini Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa ameshaondoka na askari wake kupitia milimani kuelekea kusini. Uluguru ilimfaa kwa kujificha kama ilivyowafaa Waluguru kabla yake.

Kuna sura moja ya historia hii ambayo wageni hawaelezwi, na ndiyo inayofundisha kuhusu mlima kuliko zote. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Waingereza iliona udongo unakokotwa na mvua kutoka Uluguru, ikaanzisha mpango wa kulazimisha matuta. Kila mkulima alitakiwa kuukata mteremko wake uwe ngazi za tambarare. Kwenye karatasi ni jambo jema. Mlimani ikawa balaa, na sababu zinaeleweka ukishika jembe. Udongo wenye rutuba pale ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi bila kuuhifadhi udongo wa juu, unaufukia chini na kuufunua ule mwekundu wa ndani ambao hauna chakula cha mmea. Mahindi yanadumaa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tena ngazi tambarare inashika maji. Maji yakizidi, ardhi inakuwa nzito na kipande kizima kinateleza. Na kazi yenyewe ilikuwa ya shuruti, yenye faini, bila malipo. Julai 1955 watu wa Matombo walikataa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ulikufa naye, na hasira ile ikaipa TANU wanachama wengi milimani.

Ajabu ni kwamba Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, matuta yapo hadi leo na yanatunzwa vizuri. Wakulima wa kule wanalima kabichi, karoti, njegere na viazi vinavyouzwa Dar es Salaam, wanamwagilia kwa mifereji, wanafuga nguruwe na kuweka samadi. Tuta linarudisha gharama yake, kwa hiyo hakuna haja ya polisi. Anayetaka kuhifadhi mlima huu aanze kwa kuuliza mkulima atavuna nini mwaka wa kwanza.

Mgeta nayo ina kumbukumbu yake nzito. Tarehe 23 Februari 1970 ilinyesha mvua ya karibu milimita 100 ndani ya saa zisizozidi tatu, na ardhi ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti walipopita kuhesabu, karibu maporomoko yote yalikuwa yameanzia mashambani na kwenye maeneo ya majani. Yaliyoanzia penye miti hayakufika moja kati ya mia.

Sasa kupanda. Njia iliyozoeleka inaanzia upande wa Boma na kupanda hadi Morningside, nyumba ya mawe ya enzi za Wajerumani iliyojengwa begani mwa mlima, karibu na pale msitu unapoanza. Kwa mwendo wa kawaida ni saa mbili hadi tatu. Kutoka hapo hadi Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, hesabu saa nyingine mbili na nusu au tatu, na sehemu kubwa ni ndani ya msitu. Lupanga inapandwa kutoka upande wa mashariki wa mji, ni kali zaidi na njia yake ina mizizi mingi. Isiwe mlima wako wa kwanza.

Kuingia hifadhini kunahitaji kibali na ada, na vinashughulikiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Ushughulikie siku moja kabla, kwa sababu ofisi hufunguliwa wakati ambao wewe unatakiwa uwe umeshafika nusu ya safari. Chukua mwongozaji. Tatizo la njia za Uluguru ni wingi wake: kila familia ina kijia cha kwenda shambani, na vijia hivyo vinaonekana vikubwa kuliko njia yenyewe hadi viishie kwenye migomba ya mtu.

Anza saa kumi na mbili asubuhi. Kufikia saa tano au sita mawingu huwa yameshashika vilele, na ukifika Bondwa saa saba utaona ukungu mweupe tu. Kama ni saa nane mchana na bado hujafika juu, geuka, kwa sababu ndani ya msitu giza linatangulia kuliko bondeni. Beba lita mbili za maji kwa Morningside, tatu kwa Bondwa. Usitegemee vijito vya njiani: vingi vimepita kwenye mashamba ya mboga, na kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi dawa za kuulia wadudu. Viatu viwe na meno. Udongo mwekundu wa pale ukilowa unateleza kama sabuni, na watu huumia wakati wa kushuka. Fupisha hatua, weka mguu ubavu, shika fimbo upande wa bonde. Miezi mizuri ni Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei ni masika, na hata wenyeji hupunguza safari.

Jambo moja la usalama ambalo wageni hawalijui: hatari ya kuoga au kupumzika kwenye mawe ya mto chini ya mlima huku mjini jua linawaka, kumbe juu mvua inanyesha. Tazama vilele kwanza. Vikiwa vyeusi, toka majini. Dalili za karibu zipo tatu, na huja kwa mfuatano: maji yanaanza kubeba majani makavu na vijiti, halafu rangi inageuka kutoka angavu kuwa ya udongo, halafu unasikia mawe yakigongana chini. Ukishasikia mawe, usirudi kuchukua viatu.

Ukirudi mjini, nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Pale unaona milima yote kwa mara moja, kila upande na mzigo wake. Mboga za baridi ni za Mgeta. Ndizi, machungwa, mananasi na mafenesi ni ya upande wa mashariki. Karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga pia ni za mashariki, kutoka Matombo, Kinole na Mkuyuni; wengi wanaofikiri viungo ni vya Unguja tu hushangaa. Nenda asubuhi, magari ya milimani yakiwa yanashusha. Iliki ichague yenye ganda la kijani lisilopasuka, na mdalasini uvunje kipande unuse: wa zamani hautoi harufu hadi uutafune.

Kwa maji ya bomba, mji unategemea vyanzo vya milimani vinavyoteremka vyenyewe, na zaidi bwawa la Mindu lililojengwa miaka ya 1980 kwenye Ngerengere. Linaonekana ukiwa barabara ya Iringa. Maji yake husafishwa Mafiga kabla ya kwenda majumbani. Ugonjwa wa Mindu ni tope. Kila shamba linalolimwa hadi ukingoni mwa kijito linachangia, na tope likishatua halitoki. Bwawa linaonekana limejaa kwa macho, kumbe kina kimepungua, ndiyo maana kiangazi linashuka haraka kuliko watu wanavyotarajia. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto au bwawa. Pita kandokando ya Ngerengere, hesabu mita hizo kwa hatua, uone mahindi yako wapi. Na hili haliishii Morogoro: maji ya Uluguru yanaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam.

Vyuo navyo vilivutwa na ardhi na maji hayo. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilianzishwa Julai 1984 na kupewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani hapa, tarehe 12 Aprili mwaka huohuo. Hapo SUA ndipo shirika la APOPO linapofundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya wa Morogoro wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, alitunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza 2020. Panya buku ni mzito kwa panya, lakini bado ni mwepesi mno kulipua bomu, na ndiyo siri yote.

Mazimbu usiikose. Lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa, na 1977 serikali ya Tanzania ililitoa kwa chama cha ANC. Wakimbizi wa Afrika Kusini wakajenga shule, hospitali, karakana na mashamba, wakaiita shule hiyo kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Kabla ya hapo, Aprili 1969, ANC ilikuwa imefanya mkutano wake mkubwa mjini Morogoro uliopanga upya mapambano yao. Mwaka 1992 walikabidhi majengo yote kwa Tanzania, na sasa ni kampasi ya SUA. Makaburi ya waliofia hapa bila kuiona nchi yao ikiwa huru yapo na yanatunzwa. Soma majina na miaka. Wengi walikuwa vijana.

Wapenzi wa muziki wa zamani wanajua mji huu kwa Salum Abdallah na Cuban Marimba, na Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali Mombasa Januari 1979. Kwa mji wa ukubwa ule, kuwa na bendi mbili za daraja hilo si jambo dogo.

Usafiri umebadilika sana tangu treni ya reli ya kisasa ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Safari haifiki saa mbili na nusu, lakini kumbuka mambo mawili. Kituo kipya hakiko katikati ya mji kama stesheni ya zamani, kwa hiyo tenga muda na nauli ya bajaji au bodaboda. Na tiketi za Ijumaa jioni na Jumapili huwahi kuisha. Basi linakushusha Msamvu, ambako daladala za mjini zipo muda wote. Anayekwenda Mgeta apande gari linalokunja Sangasanga kwenye barabara ya Iringa, na aulize hali ya barabara kwanza kama mvua ilinyesha usiku. Mlima ule ukilowa, hata magari ya mizigo hulala njiani yakisubiri jua.